Kicheko Mbele ya Maafa

Wako watu wasemao kwamba maafa makubwa ya historia hayafai kuguswa kwa mzaha, na hoja yao si ndogo. Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa. Hata hivyo, iko kazi moja ambayo kicheko huitenda kupita hotuba, nayo ni kumvua mdhalimu vazi lake la utukufu.

Charles Chaplin, mchekeshaji wa Kiingereza aliyezaliwa Aprili 1889, siku nne tu kabla ya Adolf Hitler, alilitambua jambo hilo. Mwaka 1940, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani, alitoa sinema iitwayo The Great Dictator. Humo alicheza nafasi mbili: kinyozi wa Kiyahudi, na dikteta anayefanana naye kwa sura. Dikteta huyo huicheza dunia kama mtoto achezavyo puto, akiirusha juu kwa mikono na hata kwa makalio, mpaka inampasukia. Hata asiyejua kusoma huelewa maana yake.

Vita vilipokwisha, walimwengu walijua kwamba Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1964, Chaplin alieleza kwamba lau angalijua vitisho vya kambi zile, asingaliweza kuitengeneza sinema hiyo.

Mwaka 1997 Mwitalia Roberto Benigni, ambaye baba yake alipata kufungwa katika kambi ya Wajerumani, aliingia katika kambi hizo hizo kwa sinema yake La vita è bella. Baba mmoja anamwambia mwanawe kwamba yote wayaonayo ni mchezo wenye zawadi. Wengi walicheka na kulia. Wengine walinung'unika kwamba ukatili ulilainishwa mno.

Basi, ndugu msomaji, kipimo ni kipi? Tuulize kwanza: anayechekwa ni nani? Anapochekwa mwonevu, hofu hupungua. Anapochekwa aliyeonewa, huongezewa jeraha. Pili, mchekeshaji ajue mahali pa kukomea. Mwishoni mwa sinema ya Chaplin, kinyozi anasimamishwa mbele ya umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye dikteta. Hapo mzaha unawekwa kando, naye anawaomba askari wasijitoe kuwa watumwa wa madhalimu.