Ukienda Unguja, uliza kwanza maji

Msomaji anayekwenda Unguja kulala hoteli ya kifahari tunamnasihi aulize, kabla hajalipa: hoteli iko upande gani? Picha za matangazo hupigwa maji yamejaa. Paje, Bwejuu na Jambiani bahari ikipwa huondoka mbali, na aliyelipa mamia ya dola kwa usiku mmoja hubaki akitazama mchanga. Nungwi na Kendwa mtu huogelea karibu saa zote. Sisi tuliokulia huko tunajua kuwa karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo ni bamvua, maji hupwa mno. Basi tazameni kalenda ya Kiislamu kabla ya kukata tiketi. Na msikanyage kamba za mwani, ni riziki ya kina mama wa pale.

Machi hadi Mei bei hushuka, lakini masika hayo.

Tangu Oktoba 2024 mgeni mtu mzima hutakiwa bima ya Zanzibar ya dola 44, hata akiwa na yake. Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo wenzetu wenye pasi za Uingereza waulize mapema habari za viza na bima hiyo, tusije tukahangaika uwanjani kwenye foleni ya kuingia kwetu.