Jina lenye ng' lilivyoifanya tovuti iropoke

Nimekuwa kimya kidogo, bando na umeme vilikuwa havielewani. Leo nina stori moja ya kafe, halafu tuchambue somo lililomo. Usiogope maneno ya kompyuta. Mimi mwenyewe nimeishia kidato cha sita, haya nimeyaokota mtandaoni na kwa kuharibu vitu vyangu. Kama mimi nimeelewa, na wewe utaelewa.

Binamu yangu alinifuata kafe siku moja kabla ya dirisha la maombi ya chuo kufungwa. Chuo chenyewe sikitaji. Jina la ukoo wake lina ng', tuseme ni Ng'wandu (si lake halisi). Tukajaza fomu yote, jina, mkoa, namba ya mtihani, simu. Akabonyeza Tuma. Badala ya "asante, ombi limepokelewa", ukurasa ukawa mweupe wenye maneno haya:

Fatal error: Uncaught mysqli_sql_exception: You have an error in your SQL syntax; ... near 'wandu', 'Mwanza', ...' at line 1 in /home/.../public_html/maombi/hifadhi.php:47

Hizo nukta nimeweka mimi. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa wazi, mpaka namba ya simu ya dogo.

Binamu akanigeukia, "Kaka, nimeharibu nini?" Mhudumu wa kafe akacheka, akasema andika Ngwandu tu, toa hako kakitone. Tukatoa, ikakubali. Dogo akashangilia. Mimi roho haikutulia, maana vyeti vyake vyote vinasema Ng'wandu. Na ule ujumbe nao ulikuwa umeniambia mambo ambayo sikupaswa kuyajua.

KWANI KILITOKEA NINI?

Kale kakitone kanaitwa ritifaa. Sasa, lugha ya kuiamrisha hifadhidata, yaani SQL, nayo inatumia alama hiyo hiyo kuonyesha neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Fundi wa ile tovuti alichukua alichoandika binamu akakibandika moja kwa moja katikati ya amri. Hifadhidata ikasoma 'Ng' ikadhani jina limeisha. Ikakutana na "wandu", haikuielewa, ikagoma.

Angalia ujumbe tena, unaanza kulalamika hasa hapo kwenye 'wandu'. Kwa hiyo kina Ng'wandu, Nyang'oro, Ng'ang'a na Ong'ara wote wangegonga ukuta ule ule. Si wao waliokosea, ni fundi.

Hilo ni kosa la kwanza. Kosa la pili ndo mada yetu ya leo. Tovuti ilipokwama ilimropokea kila kitu mtu wa kwanza aliyekuwa mbele yake. Fikiria umeenda dukani kuomba sukari, kijana wa duka anakujibu: "Hakuna, bosi kasafiri, stoo imefungwa na ufunguo uko chini ya mkeka." Wewe ulihitaji neno moja tu, hakuna. Hayo mengine ni ya bosi. Na anayefuata kwenye foleni hujui ni nani.

MTU MBAYA ANASOMA NINI HAPO?

Tuhesabu. Moja, hifadhidata inaongea SQL na hilo neno mysqli linasema ni ya jamii ya MySQL. Mbili, tovuti imeandikwa kwa PHP. Tatu, faili linaitwa hifadhi.php, liko folda ya maombi, na tatizo liko mstari wa 47. Nne, baada ya /home/ mara nyingi linafuata jina la akaunti ya seva, ambalo huenda ndilo jina la kuingilia. Tano, na hii ndo mbaya kuliko zote, amejua kwamba ritifaa inapita bila kuzuiwa. Maana yake anaweza kujaribu kupenyeza amri zake kupitia kisanduku cha jina na kuvuta taarifa za waombaji wote. Hajavunja kitasa, ameonyeshwa mlango.

Kuna tovuti zinazoropoka zaidi. Kwenye PHP, programu ikishindwa kuunganika na hifadhidata kupitia PDO, orodha ya hatua inayochapishwa iliweza kubeba jina la mtumiaji na neno la siri la hifadhidata yenyewe. Ndo maana PHP 8.2, iliyotoka Desemba 2022, ilileta njia ya kuficha vitu nyeti kwenye orodha hiyo. Ila seva zenye matoleo ya zamani bado ziko hewani.

Msidhani ni ushamba wa tovuti zetu tu. Mwaka 2015 Patreon ya Marekani, tovuti ambayo watu huwachangia wasanii wao, ilivamiwa kupitia toleo la majaribio lililoachwa wazi kwa umma. Toleo hilo lilikuwa na kifaa cha mafundi cha kuchunguzia makosa, ambacho kosa likitokea kinamruhusu aliye mbele ya skrini aandike amri na seva izitekeleze. Kwenye kompyuta ya fundi ni kifaa kizuri sana. Kwenye intaneti ni sawa na kumkabidhi mpita njia usukani. Anwani za barua pepe zaidi ya milioni 2 zikavuja.

Tena ugonjwa wenyewe ni wa siku nyingi. OWASP, jumuiya ya kimataifa ya usalama wa programu za wavuti, ililiweka kosa hili namba 7 kwenye orodha yake ya hatari 10 ya mwaka 2004, na namba 6 mwaka 2007. Kwenye orodha ya 2025 limerudi kwa jina pana zaidi, namba 10.

HATA MAJIBU MAFUPI YANAVUJISHA

Siri haivuji kwa maneno marefu tu. Umejaribu kuingia kwenye tovuti ikakuambia "jina hilo halijasajiliwa". Ukijaribu jina lingine inakuambia "neno la siri si sahihi". Basi umeshajua jina la pili lipo! Mtu akikaa na orodha ya namba za simu anaweza kupima moja moja nani ana akaunti. Jibu salama ni moja kwa wote: "Jina au neno la siri si sahihi."

Septemba 2010 watafiti wawili, Juliano Rizzo na Thai Duong, walionyesha jambo hili kwa kiwango cha kutisha kwenye mkutano huko Buenos Aires. Tovuti za ASP.NET ya Microsoft zilikuwa zikijibu tofauti kulingana na jinsi data iliyofichwa kwa msimbo ilivyoharibiwa. Kwa kutuma maombi mengi na kutazama tu seva imelalamika vipi, waliweza kufumbua kilichofichwa bila kuwa na ufunguo. Wakati marekebisho yanaandaliwa, Microsoft ikawaambia wenye tovuti watumie ukurasa mmoja wa kosa kwa makosa yote. Marekebisho yakatoka tarehe 28 Septemba 2010.

SASA WEWE UNAYETENGENEZA TOVUTI

Najua wengi mnaokaa kafe mnajifunza hii kazi, wengine mmeshaanza kulipwa. Shikeni haya:

1. Kosa lina wasomaji wawili. Mteja mpe maneno machache, "samahani, tumepata tatizo, namba ya tukio ni hii". Maelezo marefu yaende kwenye faili la kumbukumbu ndani ya seva, yakiwa na namba hiyo hiyo. Akikupigia simu unaitafuta, unaona kila kitu.

2. Kwenye PHP, tovuti ikienda hewani display_errors iwe Off na log_errors iwe On. Kwenye Django, DEBUG iwe False. Kwenye Laravel, APP_DEBUG iwe false. Nyumbani kwako washa unavyotaka.

3. Usibandike maandishi ya mtu kwenye amri. PDO na mysqli zote zina prepare, inayopeleka amri kivyake na jina kivyake. Hapo Ng'wandu anapita kama Juma.

4. Kabla ya kukabidhi kazi, ijaribu kwa jina lenye ng'. Acha sehemu wazi. Weka herufi kwenye sehemu ya namba. Tazama inasema nini.

NA WEWE ULIYEKUTANA NA KOSA TU

Ishia hapo hapo. Kuona ujumbe si dhambi, ila kuanza "kujaribu kidogo" kunaweza kukupeleka pabaya. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya wana ya kwao ya 2018, na zote zinafanya kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa. Piga picha ya skrini, andika saa na ulichokuwa unafanya, watumie wenye tovuti. Usiisambaze kwenye magrupu. Nao wenye tovuti wajue wana wajibu wa kulinda taarifa za watu, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hapa kwetu, na ya 2019 kule Kenya.

Mimi nilifanya hivyo, nikawaandikia barua pepe. Siku ya pili nikapigiwa simu, swali la kwanza, "Wewe uliingiaje kwenye mfumo wetu?" Nikaeleza taratibu kwamba sikuingia, nilimjazia fomu mtu mwenye ng'. Tukaelewana, shukrani sikupata.

Wiki iliyofuata dirisha la pili likafunguliwa, nikakaa na mwombaji mwingine mwenye ng'. Ule ujumbe mrefu umeondoka, sasa kuna mstari mmoja safi: "Samahani, kuna tatizo." Jina lake bado halikupita. Walichofanya ni kuiziba tovuti mdomo, ugonjwa wameuacha. Kuficha kosa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtu kulifungua lile faili la kumbukumbu na kulisoma.

Binamu chuo kapata, kwa jina la Ngwandu. Sasa anahangaika na hati ya kiapo kuthibitisha kwamba Ngwandu na Ng'wandu ni mtu mmoja. Gharama ni zake, kosa si lake.

Wewe mwenye ng' kwenye jina, imeshakukuta? Dondosha maoni hapo chini. Ila tafadhali usitaje tovuti wala kubandika ujumbe wenyewe wa kosa, tusije tukaropoka na sisi. Tuko pamoja.