Kasha la Kuliwa

Kwa Mswahili, kasha ni sanduku la bibi la kuwekea khanga. Kwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kasha ni punje za bakwiti zilizokaangwa kavu; zikichanganywa na tambi na vitunguu huitwa kasha varnishkes. Mgeni mmoja aliyeshuka mlimani aliniachia pakiti yake hapa Moshi, na ndipo nilipotambua kwamba mkono uliokulia kwenye mtori hauna adabu ya kupika kasha.

Sisi Uchagani tunapika ili vitu vishikane. Ndizi mshare za mtori huchemshwa na nyama, kisha hupondwa. Kiburu nacho, ndizi na maharage, mwiko lazima upite. Ule wanga unaotoka ndio uzito tunaoutafuta. Kasha linataka kinyume chake, kila punje isimame peke yake. Ukizimwaga tu kwenye maji ya moto, utaambulia uji wa kijivu.

Kinachookoa ni yai. Piga yai 1, changanya na kikombe 1 cha punje mpaka zote zilowe, kisha tia kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, ugeuze dakika 3 au 4 bila kupumzika. Protini ya yai huganda na kuivika kila punje koti, wanga ukabaki ndani. Zikiachana na kuanza kunukia, mimina vikombe 2 vya supu ya kuku inayochemka (itaruka, rudi nyuma), tia chumvi, funika, punguza moto. Mjini dakika 10 hadi 12 zinatosha. Kijijini, kwenye mita 1,500, maji huchemka karibu nyuzi 95, basi ongeza dakika chache, hata kwa tambi. Usikoroge. Najua mwiko unawasha mkononi.

Ladha yenyewe iko kwenye vitunguu: vikubwa 2, vikaangwe taratibu hadi viwe vya kahawia. Sheria ya chakula ya Kiyahudi hairuhusu nyama na maziwa pamoja, kwa hiyo siagi haikutani na supu ya kuku. Wao hutumia mafuta ya kuku. Kuku wa kienyeji anayeshinda akikimbia kihambani, kwenye shamba la migomba, hana cha kukupa. Tafuta kuku wa mayai aliyeacha kutaga, utoe yale mafuta ya manjano tumboni, uyayeyushe kwa moto mdogo.

Tambi zake zina umbo la kipepeo. Jina varnishkes lina undugu na vareniki, vitumbua vya kuchemsha vya Ukraine vinavyojazwa kitu ndani. Ukizikosa dukani, kanda unga wa ngano na mayai, sukuma kama chapati nyembamba, kata vipande vya sentimita 3, bana katikati, chemsha.

Bakwiti si ndugu wa ngano wala ulezi, wala si jamii ya nyasi, na haina gluteni. Tambi ndizo zenye nayo. Hapa Moshi, kwenye soko la Mbuyuni, bakwiti sijaikuta. Pakiti ilipoisha nilitumia mtama uliopaazwa, nikapepeta unga wote, nikafuata njia ileile ya yai. Ulichukua muda zaidi na maji zaidi, lakini punje ziliachana.

Mama mkwe wangu, mtu wa Kibosho, alimaliza sahani nzima. Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini sikuziponda.