Brescia, Mji wa Ugali wa Manjano

Ukimuuliza mtu wa kwetu Litein, Kenya, Waitaliano wanakula nini, atakutajia tambi na piza. Hajakosea, ila Italia ni nchi ndefu yenye mikoa 20, iliyounganishwa kuwa dola moja mwaka 1861 tu, na kila mkoa hadi leo unashikilia mapishi yake. Panda treni Milano uelekee mashariki, na kama ni majira ya joto utaona mahindi kulia na kushoto. Hilo ni bonde la mto Po, chini ya milima ya Alps. Huku kaskazini chakula cha wazee ni polenta, na polenta ni ugali.

Brescia ni mji wa watu karibu 200,000, mji wa chuma, wa bunduki na wa yale mashindano ya magari ya Mille Miglia yaliyoanza mwaka 1927. Kwetu Bonde la Ufa jina lake si geni. Ndiko kwao daktari Gabriele Rosa, aliyewanoa wanariadha wetu wengi, akiwemo Moses Tanui, mtu wa kwanza duniani kukimbia nusu marathoni chini ya saa moja, kule Milano mwaka 1993. Rafiki yangu niliyesoma naye, mzaliwa wa Kapkatet, alifika huku kwa ajili ya mbio, miguu ikachoka, akapata kazi kiwandani na akabaki. Yeye ndiye aliyenipeleka mtaa wa Carmine.

Carmine ni mtaa mkongwe, wenye vichochoro vyembamba vya mawe na kanisa kubwa la matofali lililoupa jina. Zamani ulikuwa mtaa wa maskini. Wahamiaji wa Asia na Afrika walipoingia walipanga humo kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na sasa duka la viungo vya Kipakistani linapakana na mkahawa wa Kiitaliano wenye meza chache na mama mmoja jikoni.

Mama huyo alituruhusu tuchungulie. Sufuria yake ni ya shaba, nyekundu kwa kusuguliwa. Maji yakichemka anatia chumvi, kisha unga wa manjano uliosagwa kwa chengachenga, kidogo kidogo, huku akikoroga kwa mwiko mrefu. Nilidhani dakika kumi na tano zingetosha. Alikoroga karibu saa nzima, na alipomimina ule ugali kwenye ubao ulitandaa polepole, ukafuka mvuke na kutoa harufu ya mahindi mabichi yaliyochomwa. Hakuukata kwa kisu. Alipitisha uzi chini yake, akauvuta juu, kikatoka kipande kilichonyooka. Kando yake palikuwa na nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu kwa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na dagaa wa chumvi, pishi la Rovato, mji wa jirani. Tulitumia uma, maana ugali huu ni mwororo, haufinyangiki tonge.

Mahindi si ya kwao, kama yasivyo ya kwetu. Yalitoka Amerika baada ya safari za Columbus. Kabla yake mkulima wa huku alisonga ugali wa mtama na nafaka nyingine ndogo, kama mababu zetu walivyosonga wa wimbi. Lakini historia yao ina uchungu ambao sikuujua. Katika karne ya 18 na ya 19 wakulima walikuwa fukara kiasi kwamba walikula polenta peke yake, asubuhi na jioni, nao wakapatwa na ugonjwa wa pelagra: ngozi inachubuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, kisha kifo. Wenyeji wa Meksiko, waliolima mahindi tangu kale, huyachemsha kwa chokaa, na hivyo mwili hupata vitamini iliyofungika ndani ya punje, ile inayozuia ugonjwa huo. Wazungu walichukua mbegu, wakaacha maarifa. Nikikumbuka meza ya mama yangu, ugali haukuwahi kuja bila mursik (maziwa ya kibuyuni), sagaa au managu, na sasa naelewa mboga ile na maziwa yale vilitulinda na nini.

Tuliposhiba, rafiki yangu aliomba kipande cha polenta iliyopoa na bakuli la maziwa baridi. Nilitaka kumzuia kwa aibu. Yule mama alileta, akavuta kiti, akaketi nasi. Hicho, alisema, ndicho chakula chake cha jioni alipokuwa msichana, na ukoko wa sufuria watoto waliugombania. Rafiki yangu akatafuna kimya, kisha akaniambia kwa Kikipsigis, "Ndugu yangu, kimebaki kibuyu tu."

Chai ndiyo iliyotuangusha. Huku mlo hufungwa kwa kahawa kali, kikombe cha mafunda mawili. Anayeagiza chai hudhaniwa anaumwa tumbo, na huletewa maji ya moto, kifuko cha karatasi na kipande cha limau. Msomaji atakayefika Brescia aende wakati wa baridi, na aingie mkahawani kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, maana baada ya hapo jiko hufungwa hadi jioni. Aulize kama polenta imesongwa siku hiyo, kwa kuwa ile ya jana hukatwa vipande na kukaangwa. Majani chai ayabebe kutoka nyumbani.