Mashine za Michezo za Zamani: Picha ya Sandukuni na Picha ya Kiooni

Tarehe 26 Aprili 2014, katika mji mdogo wa Alamogordo uliopo katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, watu walikusanyika kando ya jaa la zamani kutazama mtambo ukifukua takataka. Upepo wa jangwani ulivuma kwa nguvu siku hiyo na vumbi likawaziba macho, lakini hawakuondoka. Walichokuwa wakikingoja si dhahabu wala mifupa ya wanyama wa kale, bali kaseti za plastiki za michezo ya televisheni, ambazo kampuni ya Atari ilizifukia hapo mwaka 1983 kwa kukosa wanunuzi. Takriban kaseti 1,300 zilitolewa, nyingi zikiwa zimepondeka na kunuka, na moja kati yake imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian.

Huenda mwanafunzi akauliza: ni kitu gani kinachomfanya mtu mzima mwenye akili timamu asafiri mbali ili akatazame taka zikifukuliwa? Swali hili lina majibu katika fani mbili, yaani elimu ya nafsi na elimu ya elektroniki, na katika makala haya tutajaribu kuzifuata zote mbili. Jambo la tatu, ambalo ni matangazo ya biashara, litajitokeza lenyewe njiani, kwani wengi wanaozikumbuka mashine hizo huyakumbuka matangazo yake kwa mapenzi yale yale, na pengine zaidi.

Hesabu ya baiti 128

Mashine ya kwanza ya michezo iliyouzwa kwa matumizi ya nyumbani ilikuwa Magnavox Odyssey, mwaka 1972. Aliyeibuni ni mhandisi Ralph Baer, mzaliwa wa Ujerumani ambaye familia yake ilikimbilia Marekani mwaka 1938. Mashine yake haikuwa na prosesa wala sauti. Saketi zake ziliweza kuonyesha nukta chache nyeupe na mstari tu. Rangi na mandhari zilitokana na karatasi angavu za plastiki ambazo mchezaji alizibandika juu ya kioo cha televisheni, nazo zikashika kwa nguvu ya umemetuli. Mwalimu anayetafuta mfano wa umemetuli usiokuwa wa kitana na vipande vya karatasi anaweza kuutumia huo.

Iliyoshika soko hasa ni mashine ya Atari ya mwaka 1977, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Atari 2600. Kwa nje ilikuwa sanduku jeusi lenye uso ulionakshiwa mfano wa mbao, ili lisionekane geni kando ya samani za sebuleni. Kwa ndani ilikuwa na upungufu ambao mwanafunzi wa leo hawezi kuuamini mara moja: kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128 tu.

Hebu tufanye hesabu. Picha ya Atari ilikuwa na nukta 160 kwa upana na mistari 192 kwa urefu, yaani nukta 30,720. Hata tukikubali kwamba kila nukta iwe nyeusi au nyeupe tu, na hivyo ihitaji biti moja, tutahitaji biti 30,720. Tukigawanya kwa 8 tunapata baiti 3,840. Kwa hiyo kumbukumbu iliyokuwamo ilikuwa sehemu moja tu ya thelathini ya ile iliyohitajika kwa picha moja isiyo na rangi, na Atari ilionyesha rangi! Ni dhahiri kwamba mashine haikuwa ikiiweka picha mahali popote.

Siri yake ilikuwa katika televisheni yenyewe. Televisheni za wakati huo zilikuwa na neli kubwa ya kioo isiyo na hewa. Nyuma ya neli elektroni zilirushwa kwa kasi hadi kwenye kioo cha mbele, ambacho kwa ndani kilipakwa unga unaong'aa upigwapo na elektroni. Mwali huo haukupiga kioo chote kwa mara moja. Ulipita kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, ukashuka hadi chini, kisha ukarudi juu kuanza upya. Kwa mtindo wa Marekani mashine ya Atari ilitumia mistari 262 kwa kila picha, na picha 60 kwa kila sekunde. (Mistari inayozidi ile 192 ilipita nje ya eneo la mchezo, na huo ndio wakati ambapo programu ilipata nafasi ya kufikiri.)

Basi mwandishi wa programu alilazimika kwenda sambamba na mwali. Kabla ya mwali kuanza mstari, au hata ukiwa katikati ya mstari, programu iliiambia chipu ya picha rangi gani itumike na umbo gani litokee. Mstari ukiisha, maelezo yale yalibadilishwa kwa ajili ya mstari unaofuata. Prosesa ilipiga mapigo yapatayo 1,190,000 kwa sekunde. Mistari ilikuwa 60 mara 262, yaani 15,720 kwa sekunde. Tukigawanya, kila mstari ulipewa mapigo 76, na kwa kuwa amri moja ya prosesa ilitumia mapigo mawili hadi saba, mwandishi alikuwa na nafasi ya amri ishirini na kitu tu. Akichelewa kwa pigo moja, umbo lilipinda au lilihama mahali pake mbele ya macho ya mchezaji. Kusema kweli, mwandishi wa makala haya anaona kwamba kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko programu nyingi zinazosifiwa leo.

Mchoraji na mhandisi

Sasa tutazame sanduku la kaseti. Atari iliwaajiri wachoraji stadi, Cliff Spohn akiwa mmojawapo, nao walichora kwa rangi mbio za magari, vita vya angani, wachezaji wa mpira wakiruka, na nyuso zilizokaza misuli. Mtoto aliyelifungua sanduku na kuisukuma kaseti mahali pake alikuta miraba. Katika mchezo uitwao Adventure, uliotolewa na Atari mnamo 1980, shujaa mwenyewe ni mraba mmoja, na majoka yake yanafanana na bata. Ndani ya mchezo huo huo mtungaji, Warren Robinett, alificha chumba cha siri kilichoandikwa jina lake, kwa sababu kampuni haikuwatangaza watungaji wake.

Je, picha za sandukuni zilikuwa uongo? Wengine husema hivyo. Kwa maoni yetu zilifanya kazi iliyo karibu na ile ya michoro katika kitabu cha hadithi: zilimpa mtoto umbo la kuwazia, naye akaumalizia mraba kwa akili yake mwenyewe. Mchoraji aliongeza kile ambacho baiti 128 hazikuweza kukibeba. Pengine ndiyo maana wazee wa leo hukumbuka mchezo ulivyokuwa mzuri kuliko unavyoonekana wakiucheza tena, kwani wanaloliona akilini ni sanduku na kioo vikiwa vimechanganyika.

Lakini tangazo lina mipaka. Mwaka 1982 Atari ilitoa Pac-Man kwa kishindo kikubwa cha matangazo, huku chipu yake ya picha ikiwa na uwezo wa kuonyesha maumbo makubwa mawili tu kwa wakati mmoja, pamoja na vipande vidogo vya risasi na mpira. Mchezo ule ulihitaji mlaji mmoja na mizuka minne. Suluhisho lilikuwa kuionyesha mizuka kwa zamu, kila mmoja mara moja katika picha nne, yaani mara 15 kwa sekunde, na jicho la binadamu hutambua kumetameta kwa kadiri hiyo. Wanunuzi walilalamika. Mwishoni mwa mwaka huo huo ukaja mchezo wa E.T., uliotungwa na Howard Scott Warshaw kwa muda wa majuma matano hivi ili uwahi sikukuu ya Krismasi. Kaseti zilitengenezwa kwa mamilioni, nyingi zikarudi kiwandani, na nyingine zikaishia Alamogordo.

Washindani nao hawakunyamaza. Kampuni ya Mattel ilimtumia mwandishi George Plimpton, mtu wa maneno ya kistaarabu, asimame kati ya televisheni mbili na kuonyesha tofauti kati ya mashine yao, Intellivision, na ile ya Atari. Biashara yote ilipoanguka Marekani miaka ya 1983 hadi 1985, maduka hayakutaka tena kusikia habari ya michezo ya televisheni. Kwa hiyo Nintendo ya Japani, ilipoleta mashine yake mjini New York mwaka 1985, iliitangaza pamoja na roboti mdogo wa plastiki aliyepokea amri kwa kuona mimweko ya kioo. Roboti huyo alipata michezo miwili tu maishani mwake. Kazi yake halisi ilikuwa kulifanya duka liamini kwamba linauziwa mwanasesere.

Kwa upande wetu, habari zilikuwa tofauti. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, hivyo Atari ya 1977 isingekuwa na mahali pa kuchomekwa. Kilichofika Afrika Mashariki baadaye, na kupendwa, ni nakala za bei nafuu za mashine ya Nintendo zilizotengenezwa Asia. Nazo zilikuwa na tangazo lao: kaseti iliyoandikwa kwamba ina michezo elfu kadhaa, au hata 9,999,999, ilhali ni michezo michache iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti. Wako watu wazima wanaocheka mpaka leo wakiikumbuka namba hiyo.

Hamu ya kale

Elimu ya nafsi ina jina la hali hii, nostaljia, lililotungwa mwaka 1688 na Johannes Hofer katika tasnifu yake ya utabibu huko Basel, Uswisi. Aliliunda kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja likimaanisha kurejea nyumbani na jingine maumivu, naye aliihesabu kuwa ni maradhi ya watu waliokaa mbali na kwao. Wataalamu wa sasa hawaiiti tena maradhi. Uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, na akina Constantine Sedikides na Tim Wildschut, umeonyesha kwamba mara nyingi hamu hii humwongezea mtu hisia ya kuwa karibu na wenzake. Aidha, imegunduliwa kwamba watu wenye umri mkubwa hukumbuka zaidi mambo yaliyowapata kati ya miaka 10 na 30 hivi. Mtoto wa mwaka 1982 aliikuta Atari mlangoni mwa kipindi hicho. Anachokikumbuka ni kaka yake ameketi kando yake sakafuni, na tangazo likiimba kati ya vipindi vya jioni.

Wafanyabiashara wanalijua hilo vizuri. Mwaka 2016 Nintendo iliuza mashine ndogo iliyofanana na ile ya zamani, ikamalizika madukani upesi, na mwaka 2023 ikatoka Atari mpya inayopokea kaseti za kale.

Lakini vitu vyenyewe vinakufa. Plastiki ya mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hugeuka manjano kwa mwanga wa jua. Kapasita zenye maji ya kemikali hukauka au huvuja na kula saketi. Televisheni za neli zimekoma kutengenezwa karibu kila mahali, na pamoja nazo hupotea michezo inayozitegemea. Bunduki ya Nintendo ya kulengea bata, mathalani, hufanya kazi hivi: kidole kikibonyeza, kioo huwa cheusi kwa nukta ya wakati, kisha mraba mweupe hutokea mahali pa bata, na jicho la mwanga lililo ndani ya mtutu huangalia kama limeuona. Televisheni bapa ya kisasa huchelewesha picha, tena haina mwali unaopita, hivyo bunduki haioni kitu. Bata wanaruka salama.

Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitangaza kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haipatikani tena kwa kununuliwa. Maktaba zikaomba ruhusa ya kuwaonyesha watafiti michezo hiyo kwa mbali kupitia mtandao, kama wanavyofanya kwa vitabu. Ofisi ya haki za kunakili ikakataa mwezi Oktoba 2024. Matangazo yamekuwa na bahati zaidi, kwa kuwa magazeti yalichapwa kwa wingi, na karatasi huvumilia dari la nyumba kuliko ukanda wa sumaku.

Kaseti ya The Legend of Zelda, iliyouzwa Marekani tangu 1987, ina betri ndogo ya volti 3 inayoilinda kumbukumbu ya mchezo pale umeme unapozimwa. Ndani ya baadhi ya kaseti hizo bado yamo majina ambayo watoto waliyaandika miaka zaidi ya thelathini iliyopita, mengine ya watu ambao hawapo tena. Betri ikiisha, jina hufutika. Fundi anayetaka kuibadilisha bila kulipoteza hana budi kuunganisha kwanza chanzo kingine cha volti 3 kwenye saketi, ndipo aiyeyushe risasi na kuiondoa ile ya zamani.