Mbuni Huu, Mbuni Huyu

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayowatatiza watoto wa shule za msingi, neno mbuni linastahili kuangaliwa kwa makini katika Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa sababu maana yake mojawapo imeota nyuma ya nyumba za watoto hao, ilhali nyingine wengi wao huiona katika picha za vitabuni tu. Neno la namna hii, lenye maana zaidi ya moja, wataalamu wa lugha huliita kitawe, na halifai kuchanganywa na kitate, yaani neno linalokaribiana na jingine kwa matamshi lakini likatofautiana nalo kwa sauti moja au mbili, kama fahali na fahari.

Maana iliyo karibu zaidi na mtoto wa Mbinga ni ile ya mti uzaao buni, ambazo ni punje za kahawa. Katika milima ya Umatengo, wilayani humo, hulimwa kahawa aina ya arabika, ambayo hustawi penye ubaridi wa nyanda za juu. Mvua zikishanyesha, mibuni huchanua maua meupe yenye harufu nzuri, kisha hutoa matunda ya kijani yanayogeuka mekundu yakiiva, na ndani ya kila tunda kwa kawaida hulala punje mbili zilizokabiliana kwa upande wake bapa. Matunda hayo humenywa, punje zikaoshwa na kuanikwa juu ya vichanja, ndipo zipelekwe kukobolewa. Ni kweli kwamba watu wengi huuita mti huu mkahawa, lakini jina hilo nalo halikusalimika, kwani mjini mkahawa ni mahali pa kunywea chai na kula maandazi.

Mbuni wa pili ni ndege, tena mkubwa kuliko ndege wote walio hai, mwenye vidole viwili tu katika kila mguu, asiyeweza kuruka lakini awezaye kukimbia kwa kasi inayofikia kilomita 70 kwa saa. Makazi yake nchini Tanzania ni hasa mbuga za kaskazini, kama vile Serengeti na Tarangire, na si miteremko ya Mbinga. Kwa hiyo mwalimu anayemtaja bila picha asishangae akiona wanafunzi wanatazama shambani.

Mbuni wa tatu ni mtu anayebuni, yaani anayetoa akilini mwake jambo ambalo halikuwapo, awe mshonaji wa mtindo mpya wa nguo au mchoraji wa ramani ya nyumba. Mfano bora wa kazi hiyo upo Umatengo kwenyewe, nao ni ngolo, kilimo cha mashimo ambacho Wamatengo walikibuni ili kulima miinuko mikali bila udongo kusombwa na mvua. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hadi ikafanya miraba, udongo wa katikati ya kila mraba ukachimbwa na kutupwa juu ya nyasi hizo, na mwisho mteremko mzima hujaa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mazao hupandwa juu ya matuta, maji ya mvua yakatulia shimoni, nazo nyasi zilizofukiwa zikaoza na kuwa mbolea. Hata hivyo, kitenzi hichohicho kina sura nyingine isiyo na sifa, maana kesi ya kubuni ni kesi ya uongo.

Mtoto hahitaji kukariri maana hizi zote kama majedwali ya hesabu, kwa kuwa sarufi yenyewe humwonyesha njia kupitia upatanisho, yaani namna maneno mengine katika sentensi yanavyofuata nomino. Mbuni huu umechanua ni mti, na wingi wake ni mibuni hii imechanua. Ugumu halisi uko kati ya ndege na mtu, kwani wote wawili ni viumbe hai na wote huitwa mbuni huyu. Hapo dawa ni kuuliza wingi, ambapo ndege hubaki mbuni hawa na watu huwa wabuni hawa. Sikio zuri hugundua pia kwamba jina la ndege lina silabi mbili, mbu-ni, ilhali la mti na la mtu yana tatu, m-bu-ni, tofauti ambayo walimu wengi huiacha ipite ingawa watoto huifurahia wakiipigia makofi.

Ukiteremka kutoka milimani hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay au Liuli, neno linalofaa zoezi hilohilo ni paa. Paa hili ni la nyumba, liwe la nyasi au la bati, na paa huyu ni mnyama mdogo wa jamii ya swala. Lakini kupaa ni kwenda juu angani, na pia ni kumkwangua samaki magamba, kazi ambayo kambale, asiye na magamba, haihitaji. Hapa upatanisho hausaidii, kwa sababu anapaa husemwa vilevile kwa furukombe anayeliacha tawi na kwa mama aliyeketi ufukoni na kisu mkononi. Kinachotenganisha maana hizo ni yambwa, yaani kitu kinachotendewa, na ndiyo maana mama huyo husemwa anapaa samaki, wala haitoshi kusema tu kwamba anapaa.