Ethiopia: Gari lisilo na injini

Msomaji wa Kiswahili akikuta katika habari za Ethiopia kwamba magari yamezuiwa kupita barabara kuu ya mji fulani, atadhani usafiri wote umesimama. La hasha. Katika Kiamhari, "gari" ni kigari chepesi cha magurudumu mawili kinachovutwa na farasi. Chombo chenye injini huitwa "mekina", neno lenye asili ya Kiitalia.

Neno lenyewe ni lilelile, na asili yake ni Kihindi. Kwetu, motokaa zilipoenea, gari likawa jina lao, nasi tukalazimika kufafanua: gari la farasi, gari la ng'ombe, gari la moshi. Waethiopia waliliacha kwa mnyama. Hata farasi wao ni "feres", karibu sawa na wetu.

Kiamhari kina pia "seregela", neno la heshima kwa magari ya wafalme na ya vita. Yule towashi wa Ethiopia anayesimuliwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, ameketi garini katika Biblia ya Kiswahili. Katika ya Kiamhari amepanda seregela. Mtafsiri akivichanganya viwili hivi, atampandisha mheshimiwa juu ya kigari cha sokoni.

Na cha sokoni ndicho chenye habari. Katika miji kama Bishoftu, Shashemene na Bahir Dar, gari limewabeba kwa miaka mingi wanafunzi, wagonjwa na wachuuzi, abiria wawili au watatu kwa safari, hadi kwenye vichochoro visivyo na lami. Sasa bajaji zimetwaa njia zenye faida, na mwenye farasi amesukumwa kwenye matope. Huko anakabiliwa na adui mwingine: ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi na mishipa ya limfu ya farasi, ukiacha vidonda vinavyotoa usaha. Matibabu ni marefu na ya gharama. Farasi asiyeweza tena kuvuta mara nyingi hutelekezwa kando ya barabara, na nyumba iliyomtegemea hukosa kipato.

Ndiyo maana katika ukurasa huu tunaandika "gari la farasi" hata pale Mwethiopia alipoandika "gari" tu. Bajaji haitusumbui: nao huiita bajaji.